Kituo cha Itaendelea

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwisha ondoka. Sikuota nikifunga mzigo wala nikiaga. Ndoto ilinikuta treni inakwenda, nimesimama kwenye ujia wa behewa, kofia mkononi, na stesheni kule nyuma imekwisha kuwa ndogo kama kiberiti.

Nikachungulia dirishani nione kama kuna anayenipungia. Palikuwa na mtu mmoja anapunga kitambaa. Nikafurahi, nami nikampungia. Treni ilipopinda nikaona alikuwa anakung'uta mkeka.

Sikushangaa. Mimi Kapufi, mtu wa Ufipa kwa kuzaliwa, nimepita Mpanda, Tabora, Tanga, Lindi na kwingine ambako majina yamenitoka. Katika kuondoka kote huko, aliyewahi kunisindikiza ni mbwa, naye alikuwa na safari zake.

Kilichonishangaza ni madirisha. Kila dirisha lilizungushiwa mstari mweusi, na nje ya kila moja palikuwa na wakati wake. Katika dirisha la kwanza mwanamke anajitwika mtungi. Katika la pili mtungi uko hewani. Katika la tatu mtungi ni vigae, na mwanamke ameshika kiuno. Nikageuka nirudi dirisha la kwanza nikamwonye.

"Hairuhusiwi," nikaambiwa. "Ni kushoto kwenda kulia. Ukirudi nyuma unawavuruga walio mbele."

Aliyesema hivyo alikuwa puto. Si puto la sherehe, bali lile duara jeupe ambalo wachoraji wa hadithi za picha huliweka juu ya kichwa cha mtu na kulitia maneno yake. Lilivaa kofia ya mkagua tiketi, na chini lilikuwa na mkia mwembamba uliochongoka. Maneno yalijiandika tumboni mwake kwa herufi kubwa, na sauti ikafuata nyuma, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni.

"Naomba tiketi," likasema Puto.

Lakini mkia wake ulikuwa umenielekea mimi, na kwa sheria ya hadithi za picha maneno ni ya yule aliyeelekewa na mkia. Kwa hiyo nikawa mimi ndiye niliyeomba tiketi.

"Sina," likanijibu kwa upole. "Mimi mkaguzi tu, sisafiri."

Kila mmoja akamngoja mwenzake. Hatimaye Puto likaushika mkia na kuuelekeza kwake.

"Niwie radhi, mzee. Mkia huu una mazoea mabaya. Naomba tiketi."

Nikanyoosha mkono nijipekue mfukoni. Puto likaushika mkono wenyewe, likauinua kwenye mwanga.

"Wewe ni wa penseli," likasema.

Nikajitazama. Kweli, mkono ulikuwa wa kijivu, mistari miwili mitatu imepita mahali pamoja kama mchoraji alikuwa hajaamua. Kupitia kifuani mwangu kiti kilicho nyuma yangu kilionekana vizuri, pamoja na msumari uliotokeza.

"Wa wino wanakwenda mpaka mwisho wa reli," Puto likaeleza. "Wa penseli hushuka Itaendelea."

"Hapo ni wapi?"

"Ni kituo. Hadithi zilizokatikia njiani huteremshwa pale. Bwana Raba anawapokea."

"Anawapokea vipi?"

"Kwa adabu," likasema, na herufi zikawa ndogo. "Anawafuta."

Nikauliza mtu afanye nini asifutwe. Puto likasema nipakwe wino kabla ya kufika, tena nipakwe na mtu mwingine. Kinyozi hajinyoi.

"Hiyo si mithali tu?"

"Huko kwenu. Humu ni sheria. Tuna kinyozi behewa la nne, nywele zimemfika magotini. Nenda kawaombe wachoraji. Kila behewa ni kitabu, na kila kitabu kina mkono wake. Baadhi yao ni watu wema."

Basi nikaenda. Nilikuwa sijawahi kutaka kubaki mahali, lakini mtu akiambiwa atafutwa huanza kujiona ana thamani.

Behewa la kwanza lilikuwa kitabu cha watoto. Rangi za maji zilikuwa mbichi bado, na abiria walitembea wameinua miguu wasizikanyage. Kuku mmoja alijaza ukurasa mzima, mwekundu, unyoya mmoja mmoja, hata nikahisi joto lake nilipokuwa mlangoni. Mchoraji alikuwa amelala chini ya bawa.

"Usimwamshe," kuku akasema. "Amenichora manyoya yote, hakuruka hata moja. Wewe ungeweza?"

"Nisingeweza."

"Basi pita taratibu."

Nikapita taratibu. Sikuwa najua kuwa kuku anaweza kutazamwa na mtu kwa makini hivyo, mpaka akawa na haki ya kujibu.

Behewa la pili halikuwa na neno hata moja. Puto, lililokuwa likinifuata, lilibaki nje kwa sababu halikuruhusiwa kuingia. Mle ndani kila kitu ni cheupe na cheusi, na mvua inanyesha. Baba mmoja anatembea na kiatu kimoja cha mtoto. Anatembea ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anabisha nyumba hii, anabisha ile. Hakuna anayesema kitu. Katika ukurasa wa mwisho amekaa, amevaa kiatu kile kwenye vidole viwili vya mkono, anakitembeza juu ya meza.

Mimi shule niliisoma kwa vipande: darasa la kwanza huku, la tatu kule, la pili sikulikuta. Lakini kitabu kile nilikisoma chote, nami nimesimama. Nilipomwomba mchoraji wake anipake wino, hakuinua macho. Alinijibu kwa kuchora kichwa kinachotikisika, vichwa vitatu mfululizo, cha tatu kina huruma kidogo.

Behewa la tatu lilikuwa la Bibi Nyamizi. Alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kalamu ya nibu mkononi, ubao kwenye mapaja. Kuta zote zilijaa sura. Mtu mmoja amechorwa mbele, ubavuni, kisogoni, akicheka, akikasirika, akila, akijifanya hasinzii. Kisha mwingine, vivyo hivyo. Kila mmoja alikuwa na pua yake. Pua nyingine zilinipigia chafya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Geuka."

Nikageuka.

"Ubavu. Sasa tembea. Basi, simama." Akashusha kalamu. "Wewe ni tabu. Kofia ya Tanga, mwendo wa Mpanda, na hilo cheko umelitoa wapi?"

"Lindi, nadhani."

"Msomaji atakupoteza ukurasa wa pili. Mtu akibadilika kila picha, msomaji atasema hapa wamepita watu saba na hakuna aliyebaki."

"Nichore nilivyo leo basi."

"Leo haitoshi. Nikimchora mtu nataka kujua anavyoshika kikombe wakati hajui kuwa anatazamwa. Hapo ndipo mtu alipo, si usoni. Wewe unashikaje?"

"Sijui. Sijajitazama."

"Nani amekutazama, nikamuulize?"

Nikafikiri. Treni ikavuka daraja zima nikiwa bado nafikiri.

"Hayuko karibu," nikasema.

"Jina lake?"

"Nalo haliko karibu."

Pua zote ukutani zikaangalia pembeni. Bibi Nyamizi akafuta nibu kwa pindo la khanga, akachukua kifuniko cha chupa, akakimiminia wino uliobaki chini ya chupa yake. Haukufika hata nusu ya kifuniko.

"Nikikupaka bila kukujua nitakuwa nimemuumba mwingine," akasema, "na wewe utafutwa vilevile, huku mwingine anatembea na kofia yako. Sitaki dhambi hiyo. Chukua kifuniko na hii kalamu. Huenda huko mbele yupo anayekujua. Ila usijipake."

"Kinyozi," nikasema.

"Hivyohivyo."

Nikafungua mlango niingie behewa la nne. Hapakuwa na behewa. Nilikuwa nimekwisha fika stesheni, na treni ilikuwa inaondoka bila mimi. Puto lilikuwa limesimama ngazini, mkia umenielekea, likasema, "Kwaheri, nitakukumbuka." Kwa sheria ile, ikawa mimi ndiye niliyesema.

Kituo ni cheupe, hakina mbingu. Kuna ubao mkubwa umeandikwa ITAENDELEA, na mbele ya neno kuna nukta tatu, kila moja kubwa kama kigoda. Nakaa juu ya ile ya katikati.

"Sogea kidogo," nukta inaniambia. "Mguu wako unaning'inia, wataniona koma."

Nauweka mguu sawa. Kila upande watu wamesimama, wote wa kijivu. Mwizi ameingiza mguu mmoja dirishani. Bwana harusi ameinua shela nusu, hajui bado amemwoa nani. Mwanaume mmoja ameinua kofi, na mwenzake mbele yake amefumba macho, na wako hivyo tangu jarida lao lilipokufa.

Bwana Raba anapita katikati yao. Ni mfupi, wa rangi ya waridi, amevaa tai. Anasalimia kwanza, kisha anafuta, kisha anafagia vumbi lake mwenyewe. Anamfuta mwenye kofi. Yule aliyekuwa anangoja kupigwa anafumbua macho, anashusha mabega, anavuta pumzi. Halafu naye anafutwa.

"Shikamoo, mzee," Bwana Raba ananiambia.

"Marahaba. Inauma?"

"Wao hapana. Mimi ndiye ninayepungua." Ananionyesha bega lililolika. "Nilianza kazi nikiwa na pembe nne, na jina la kiwanda kifuani. Sasa hata sikumbuki lilikuwa jina gani. Nitakufikia, usijali. Naanza na waliotangulia. Nikuletee chai?"

Nikasema niko sawa. Akaenda zake. Hapo ndipo nilipomwona Sikudhani.

Lazima nieleze ni nani, maana jarida lake halipo tena. Zamani, katika kambi ya wajenzi wa barabara, kusoma hasa nilijifunzia kwenye jarida la hadithi za picha lililoitwa *Kiokote*. Lilikuja na lori la chakula, nakala moja kwa kambi nzima. Mimi nilisoma kwa sauti, wenzangu wakitazama picha. Nikiwa bado nahangaika na herufi, wao wamekwisha cheka. Hadithi tuliyoipenda ilikuwa ya Sikudhani, Mpelelezi wa Gulioni, mama mnene wa kitenge na ungo, anayewakamata wezi kwa kuangalia walivyofunga kamba za viatu.

Katika toleo la mwisho anamfuatia mwizi wa mawe ya mizani hadi kwenye ghala moja. Anaweka mkono kwenye kitasa. Juu ya kichwa chake pameandikwa, "Najua uko ndani." Chini pameandikwa, "Itaendelea." Mchoraji bila shaka alikuwa na haraka, kwa sababu alimchora na mikono miwili ya kushoto. Mpishi wetu ndiye aliyegundua. Vidole gumba vyote vimeelekea upande mmoja.

Lori lililofuata lilikuja na unga tu. Kambi ikabishana mpaka ikavunjwa: ndani yumo nani? Mimi nikashika njia. Kila mji niliofika nilimtafuta kwanza muuza magazeti ya zamani, ndipo nikatafuta pa kulala. Nimeona katuni nyingi na vitabu vya picha vya kila namna kwa njia hiyo, vingine vizuri mno, lakini toleo lile sikulipata, na wala sikupata mtu wa kubishana naye.

Sasa amesimama mbele yangu, wa penseli, mkono kwenye kitasa cha ghala.

"Usisimame nyuma yangu," anasema bila kugeuka. "Nina mtu humu ndani, sitaki wawili."

"Ni Kapufi."

"Kapufi wa wapi?"

"Msomaji. Wa kambini."

"Yule anayevuta herufi kama anavuta ng'ombe matopeni?"

"Huyo."

Akageuza kichwa, na shingo ikalia kama mlango. "Ndiyo maana nilikaa picha hii muda mrefu. Wenzako wamekwisha cheka, wamekwisha kwenda kulala, wewe bado uko kwenye 'Si-ku-dha'. Nikasema siondoki, nimngoje na yule naye afike."

Nikakohoa kidogo. "Kumbe ulikuwa unatuona."

"Nifanye nini kingine? Ninyi mlikuwa dirisha langu."

"Nilikuwa nashikaje kikombe?"

Hakufikiri hata kidogo. "Kwa juu, kwenye mdomo wake, na kiganja cha pili chini yake kama kinavuja. Hakikuwa kinavuja. Na ukimaliza ulikuwa unakitazama ndani, kama kuna mtu umemsahau humo."

Nikakaa chini. Nikamwonyesha kalamu na kifuniko cha wino, nikamweleza sheria, na kwamba sasa nimempata anayeweza kunipaka. Akanyoosha mkono aipokee kalamu. Kalamu ikapita katikati ya vidole vyake na kuanguka. Penseli yake ilikuwa imefifia kuliko yangu, haikushika tena kitu.

Bwana Raba alikuwa anamfuta bwana harusi.

"Basi nikupake wewe kwanza," nikasema, "kisha wewe unipake mimi."

"Wino utatosha?"

Wote wawili tukatazama ndani ya kifuniko.

Nikaanza na miguu. Nilipita juu ya mistari yake kama nilivyokuwa nikisoma, polepole, ulimi nje. Kitenge kilinitesa, kilikuwa na maua. Nilipofika kwenye mikono nikasita.

"Nikuchoree mmoja wa kulia?"

"Unajua kuchora?"

"Sijui."

"Basi niachie yangu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Nikamwachia. Nikamaliza uso, nikampa macho meusi kabisa, na alipopepesa nikajua nimepatia. Ungo haukupata wino. Bwana Raba, aliyekuwa amefika na kusimama pembeni mikono nyuma, akasema, "Huo ni wangu, samahani," akaufuta, akafagia.

Sikudhani akajaribu kalamu. Ikashikika. Akachovya kwenye kifuniko, akakiinamisha, akachovya tena pembeni.

"Geuka. Nitaanza na sikio la kushoto. Hilo nalijua kuliko vyote. Ulikuwa unalala umeniweka chini yake, jarida zima."

Nikageuka. Nibu ikaingia nyuma ya sikio, baridi, inakwaruza. Alichora taratibu, kwa mkono wa kushoto, akishikilia kichwa changu kwa mkono mwingine wa kushoto. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika kichwa. Nilitaka kumwambia asiharakishe, lakini kulikuwa hakuna haja, kwa sababu akaacha.

"Umekwisha," akasema.

"Bado, mama?" Bwana Raba akauliza.

"Wino umekwisha."

"Poleni sana," akasema, na akaanzia kwenye viatu vyangu.

Haiumi kweli. Ni kama kusahau ulichofuata chumbani. Magoti yakaenda, Mpanda na Tabora zikaenda, ikaenda kofia ya Tanga. Bwana Raba alipumua kwa shida, akawa mfupi zaidi. Alipofika juu akazunguka sikio la kushoto kwa uangalifu, akarudi nyuma, akalitazama.

"Hili limekamilika," akasema. "Hili si langu."

Basi nikawa sikio tu, liko hewani, karibu na mlango wa ghala. Kuona sikuona tena. Nikasikia Sikudhani anasema, "Ngoja niangalie kama humu ndani kuna wino." Nikasikia mikono miwili ya kushoto inahangaika na kitasa, inazungusha kinyume, inazungusha tena. Nikasikia mlango unafunguka.

Nikasikia amesimama kizingitini.

"Ni chumba cha gesti," akasema. "Kitanda kimebonyea. Begi limefungwa, liko karibu na mlango. Kuna mzee amelala." Nikasikia hatua moja. "Ni wewe. Miaka yote hii nilidhani ni mwizi."

Nilitaka kumjibu. Sikio halijibu.

"Lala," akasema, karibu kabisa. "Nitakaa hapa."

Nikaamka. Palikuwa pamekucha Makambako, na baridi yake ile ya kuingia kwenye meno. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi, na Atukuzwe, dada anayetunza gesti, alikuwa amesimama kizingitini na ufagio.

"Shikamoo, mzee. Nimekuta umeacha wazi. Unatoka leo, nibadilishe shuka?"

"Marahaba. Nilifunga."

"Hukufunga." Akainamisha kichwa, akanitazama. "Na huko nyuma ya sikio umefanya nini?"

"Wapi?"

"Hapo. Huwezi kupaona, ni nyuma." Akaja, akalowesha ncha ya kitenge kwa maji ya kwenye jagi, akasugua. Akaacha kusugua, akasogeza uso. "Haitoki. Si uchafu, mzee. Ni mistari. Mtu amelifuatisha sikio vizuri kabisa, ila kama ni wa mkono wa kushoto."

Nikamwambia inawezekana.

Yaliyowapata wengine ni haya. Puto bado liko kazini, na abiria bado wanajiomba tiketi wenyewe. Kuku hajatoka kwenye ukurasa wake. Bibi Nyamizi alinunua chupa nyingine ya wino, akamchora mtu anayefikiri wakati treni inavuka daraja, lakini hakumpa sura. Bwana Raba aliendelea mpaka akabaki kama punje ya haragwe, akaanguka katikati ya mbao za kituo, na wa penseli waliokuwa wamebaki wako palepale, hakuna wa kuwafuta wala wa kuwapaka. Mwizi wa mawe ya mizani hakupatikana. Sikudhani hakurudi kituoni. Alikokwenda sijui, ila mlango wa chumba changu haufungi vizuri tangu asubuhi, kitasa kinazungukia kinyume. Atukuzwe alimaliza kufagia, akaenda chumba cha pili. Mimi sijaondoka. Shuka hazikubadilishwa. Nimerudi kitandani, nimelalia ubavu wa kulia, sikio la kushoto liko juu.